Karata Haina Kwao? Historia Fupi ya Aibu ya Mchezo Mmoja

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kigeni alimaliza masomo yake hapa chuoni, akarudi kwao, akatuachia bwenini kisanduku cha karata. Hazikuwa karata tulizozizoea. Zilikuwa na picha za majoka, wachawi wenye fimbo na viumbe wenye mbawa, na kila moja ilikuwa na maandishi yake chini ya picha, mithili ya ukurasa mdogo wa hadithi. Nikaanza kuzisoma kitandani. Usiku wa pili mwenzangu mmoja wa chumbani akaniambia kwa upole lakini kwa msimamo: "Dada, hizo kadi za majini zitoe humu ndani. Sisi tunasali hapa." Mwingine, ambaye hasali sana, akaongeza lake: "Na wewe mtu mzima, mwaka wa tatu, eti unakaa kucheza vitu vya watoto!"

Nilizirudisha kisandukuni. Lakini kilichonishangaza si maneno yao. Kilichonishangaza ni kwamba maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia, tena yote mawili, nikiwa mtoto kijijini Titye, wilayani Kasulu, juu ya karata za kawaida kabisa zisizo na joka wala mchawi. Dhambi na uvivu. Huko nako mashtaka yalikuwa hayo hayo mawili.

Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba aibu inayowafuata wacheza karata haitokani na karata zenyewe. Inatokana na swali ambalo jamii yetu imekuwa ikiwauliza vijana wake tangu enzi za mkoloni: nani anaruhusiwa kukaa chini, saa ngapi, na mbele ya macho ya nani? Msomaji ataniwia radhi nikianzia mbali kidogo kabla ya kufika Titye.

Karata mbili, baba mmoja

Mchezo ule wa bwenini unaitwa Magic: The Gathering. Ulitoka Marekani mwaka 1993, na aliyeubuni, Richard Garfield, ni mwanahisabati. Kila mchezaji hununua karata zake, huzikusanya, hubadilishana na wenzake, kisha huchagua zipi aende nazo mchezoni. Uliingia sokoni wakati jina la michezo ya njozi limekwisha kuchafuka. Mchezo uliotangulia, Dungeons & Dragons wa mwaka 1974, ulikuwa umesakamwa nchini Marekani miaka yote ya 1980. Wazazi na wahubiri walidai unawapeleka vijana katika ibada za shetani na hata kujiua. Basi Magic ukarithi tuhuma za mkubwa wake. Watengenezaji wenyewe waliingiwa na hofu. Kwa miaka kadhaa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 waliacha kuchapa mashetani katika karata zao, wakaja kuyarudisha mwaka 2002. Mwaka 2001 Saudi Arabia nayo ilizipiga marufuku karata za Pokémon, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba zinafundisha kamari.

Kwa hiyo wenzangu wa chumbani hawako peke yao. Lakini hebu tuangalie nasaba ya karata hizi, maana ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikulitarajia.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498. Waliijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia mwaka 1593, na wakaipoteza mwaka 1698. Katika kipindi hicho hicho walifika Japani, mwaka 1543. Kote walikopita waliacha mchezo wa mabaharia, pamoja na jina lake, carta. Wajapani wakalitamka karuta. Sisi tukalitamka karata. Neno ni lile lile, ila limeingia katika vinywa viwili.

Huko Japani utawala wa Tokugawa ulizipiga marufuku karata za kigeni katika karne ya 17 kwa sababu ya kamari. Watengenezaji wakafanya ujanja. Walibadili picha, na kila picha mpya ilipopigwa marufuku wakaleta nyingine, hadi zikapatikana karata za maua ziitwazo hanafuda. Mwaka 1889, mjini Kyoto, bwana mmoja aitwaye Fusajiro Yamauchi alifungua kiwanda kidogo cha kutengeneza hanafuda. Kiwanda hicho ndicho leo kampuni ya Nintendo, na Pokémon ulizaliwa mwaka 1996 kama mchezo wa mashine za Nintendo, kisha ukapata karata zake mwaka huo huo.

Ni dhahiri basi kuwa karata ya Pokémon na karata ya Titye ni ndugu wa baba mmoja waliopotezana njiani. Na wote wawili wametukanwa njia nzima.

Maneno ambayo hayakuona aibu

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kwamba ukitaka kujua jamii inathamini nini, sikiliza lugha yake. Lugha ya Kiswahili haikuwahi kuwafukuza wacheza karata. Iliwapa makao. Rangi nne za karata kwa Kireno ni espadas, ouros, copas na paus. Kwetu zikawa shupaza, uru, kopa na pao. Karata inayozishinda nyingine zote, trunfo, ikawa turufu. Maneno haya ni jamaa wa meza, bendera, leso na gereza, ambayo nayo ni ya Kireno, na hakuna anayeona haya kuitandika meza au kuipandisha bendera.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa hesabu. Babu yangu, mzaa baba, hakusema "kingi", "kwini" na "jeki" kama tunavyosema sisi. Alisema mzungu wa nne, mzungu wa pili na mzungu wa tatu. Nilidhani ni vituko vya kizee, mpaka nilipoyakuta maneno hayo hayo katika kamusi za zamani za Kiswahili. Kwa nini mfalme awe wa nne, malkia wa pili, na mtumishi wao wa tatu, yaani amzidi malkia? Jibu liko katika michezo ya Wareno, bisca na sueca. Humo ree huhesabiwa pointi 11, saba pointi 10, mfalme 4, mtumishi 3 na malkia 2. Jumla ya rangi moja ni 30, na kwa rangi zote nne ni 120. Anayefikisha 61 amevuka nusu, ameshinda. Wazee wa pwani wana mchezo waitao wahedi wa sitini, na maana yake kwa Kiarabu ni sitini na moja. Arbastini tunayoicheza huku bara inafuata hesabu hiyo hiyo.

Yaani babu yangu, Muha wa milimani asiyewahi kumwona Mreno, alikuwa amebeba kichwani hesabu ya Wareno, akiitaja kwa Kiswahili, akisherehekea ushindi wake kwa nambari ya Kiarabu. Kama hiyo si historia, basi sijui tunaita nini historia.

Tena angalieni tunavyozungumza. Mwanasiasa aliyeshinda uchaguzi tunamsifu kwamba "amechanga karata zake vizuri". Timu ikibaki na nafasi moja tunasema "hii ndiyo karata ya mwisho". Wakili ana "turufu mkononi". Lugha inamsifu mchanga karata, na hapo hapo mtoto anayechanga karata zenyewe anachapwa. Nadhani hapa pana mgongano unaohitaji maelezo.

Bao na karata, kijijini kwetu

Mtu anaweza kusema kwamba jamii yetu haipendi michezo ya kukaa. Si kweli. Bao linaheshimiwa. Lina mashimo 32 na kete 64, lina namua na mtaji, lina nyumba, na lina ndugu zake kwa majirani: Rwanda wana igisoro, Uganda wana omweso. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na hakuna aliyemwita mvivu kwa hilo. Hata mpira wa miguu umeazima neno, tunapiga kelele "bao!" wavu ukitikisika. Mzee anayecheza bao tangu saa nane hadi magharibi tunasema anapumzika. Kijana anayecheza karata kwa nusu saa tunasema kaharibika.

Je, tofauti ni kamari? Hoja ya kamari siidharau. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, inaitaja kamari pamoja na ulevi. Kanisani kwetu nako mhubiri alipenda kutukumbusha wale askari walioligawana vazi la Yesu kwa bahati nasibu chini ya msalaba. Uamsho wa walokole uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulivuka hadi Buha, na waliookoka waliacha pombe, tumbaku na ngoma. Karata zisingepona. Na stendi zetu zina watu wa karata tatu, wale wanaokuonyesha karata ikiwa chali, wanazipindua, wanazizungusha, halafu hela ya nauli imekwenda. Aliyeibiwa hivyo ana haki ya kuzichukia karata maisha yake yote.

Lakini bao nalo linaweza kuchezewa hela, na mpira leo unachezewa kamari kuliko kitu kingine chochote, kwenye simu, tena kwa leseni, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Kama kosa lingekuwa kamari tu, tungemwogopa zaidi kijana mwenye simu kuliko babu yangu na mkebe wake.

Nionavyo mimi, tofauti ni hii. Bao ni zito. Ni ubao uliochongwa, una barazani pake, unajulikana ni wa mzee fulani. Anayetaka kucheza anakwenda kwa mwenye bao, anaamkia, anakaribishwa. Karata inaingia mfukoni. Haina baraza, haina mwenyeji, inafunguliwa popote vijana wanapokutana. Bao lina kwao, karata haina kwao. Na katika Kiswahili yuko mtu ambaye sifa yake ilikuwa hiyo hiyo, ya kuzurura bila makao wala ndugu wa kumjibia. Mtu huyo tunamwita mhuni.

Nani anaonekana amekaa

Babu alizipata karata zake Tanga. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, na Buha ikawa moja ya sehemu zilizotoa manamba wengi wa mashamba ya mkonge. Baada ya mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU ndicho kilichowakusanya na kuwasafirisha. Babu alikwenda kukata mkonge kabla ya Uhuru. Huko alipewa kipande, yaani kadi ya kazi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake iliandikwa, na mpaka nafasi zote 30 zijae ndipo alipwe. Jioni, kambini, ndipo alipojifunza karata. Alikuwa akituambia kwamba mchana alikuwa na kadi moja na usiku alikuwa na nyingi.

Basi tazama: kadi na karata ni neno moja kwa asili, moja limetujia kwa Kiingereza na jingine kwa Kireno. Kadi ya kazi, kadi ya chama, kadi ya kliniki, zote zina heshima, kwa sababu zinasema wewe ni wa nani. Karata haisemi hivyo.

Serikali ya mkoloni iliwahitaji vijana kama babu mashambani, ila haikuwataka wakiwa wamekaa. Mwaka huo huo wa 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa". Uhuru ulipokuja, maneno yalibadilika lakini swali lilibaki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakosoa wanaume wa vijijini na baadhi ya wanawake wa mijini kwa nguvu zinazopotea katika porojo, ngoma na ulevi, na lilisema kweli kuhusu mzigo wa wanawake wa vijijini. Karata hazikutajwa, lakini kila mtu alijua zinakaa upande gani. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakakamatwa mijini ili wapelekwe mashambani. Mwezi Machi 2016 Rais Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wawashughulikie vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi. Mchezo umebadilika, kijana ni yule yule.

Kwetu Buha nadhani kuna jambo la ziada. Zamani Waha waliishi kwa kutawanyika, kila mji juu ya kilima chake katikati ya migomba. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwashusha na kuwapanga katika vijiji, nyumba kwa nyumba, na balozi wa nyumba kumi akijua nani yuko na nani hayuko. Sisemi hapa kama ilikuwa vizuri au vibaya. Nasema tu kwamba mtu aliyekaa kilimani kwake hakuonwa na yeyote. Mtu aliyekaa kando ya barabara ya kijiji anaonwa na wote. Uvivu, kabla haujawa tabia, ni kitu kinachoonekana. Na mwanamke hakuonekana, kwa kuwa hakukaa. Katika utoto wangu wote sikumwona mama wa Titye ameshika karata. Mimi niliyecheza na babu niliambiwa na shangazi kwamba nitakosa mume.

Ambacho sikukisema

Sasa nifike pale ambapo makala haya yananihusu. Babu alipozeeka alinipa mimi ule mkebe. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alipofaulu kwenda sekondari ya bweni, aliniomba nimwazime. Alikuwa kidato cha pili karata zilipokutwa ndani ya tranka lake katika upekuzi. Aliulizwa kazipata wapi. Hakunitaja. Alirudishwa nyumbani wiki tatu akamlete mzazi, na baba mdogo akasema hawezi kuuza maharage kumsomesha mcheza kamari. Hakurudi tena.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha nne, sifa yangu nzuri, matokeo yangu mazuri. Nilinyamaza. Ningeweza kusema: zile karata ni zangu, alinipa babu, na hatukuzichezea hata senti tano. Nilijua neno hilo lingenipaka na mimi. Aibu hufanya kazi yake hivyo. Haimpigi mmoja tu, inawafunga na wengine midomo.

Leo anaendesha bodaboda. Likizo iliyopita nilimkuta kijiweni chini ya mwembe na wenzake, wanangoja abiria, wanacheza arbastini. Nilikaa nao. Alikuwa akihesabu karata zilizotoka na zilizobaki kwa rangi zote nne huku anapiga soga, na kila mzunguko alitaja jumla yake kabla sijamaliza kupanga za kwangu. Nilimwambia habari za bisca na mzungu wa nne. Akacheka, akasema: "Kumbe tulikuwa tunasoma." Kisha nikamwomba msamaha kwa lile la tranka. Akanyamaza kidogo, akasema, "We dada, gawa karata."

Hitimisho

Inawezekana msomaji anauliza haya yanaingiaje katika jarida la uhakiki. Yanaingia kwa mlango mkubwa. Bibi yetu alikataa kabisa kutusimulia hadithi mchana, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki mwiko huo upo: hadithi ni ya usiku, kazi zikiisha. Maana yake fasihi nayo ilipangiwa saa ya kukaa. Na tunapokuja vyuoni tunafanya yale yale. Kwa muda mrefu wahakiki wetu waliziweka kando riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, wakiziita pendwa kana kwamba kupendwa ni kosa, wakati ndizo zilizokuwa zikichakaa mikononi mwa wasomaji. Tulisema zinapoteza muda. Tulizihukumu kwa kuwaangalia waliozisoma na mahali walipozisomea, kabla ya kufungua kitabu.

Sidai kwamba karata ni fasihi. Wala sisemi wazazi waache kuiogopa kamari, maana imevunja nyumba za watu. Ninachosema ni kidogo tu. Mchezo una kanuni, una msamiati, una historia, na unaweza kusomwa. Aliye na maneno ya karata za wazee wa kwao, ayaandike sasa, maana wanaosema mzungu wa nne wamebaki wachache. Na anayetaka kumhukumu kijana aliyekaa na karata mkononi, amuulize kwanza hesabu imefika ngapi.

Kile kisanduku cha bwenini sijakitupa. Kiko chini ya kitanda changu. Mwenzangu anayesali anajua kipo, na majuzi aliniuliza yule joka wa kwanza ana uwezo gani. Nikamsomea.